Kiti Kipo, wa Kukisukuma Yuko Wapi?

Kuku wanataga kwenye kiti cha magurudumu. Kiko ukumbini kwa bibi mmoja jirani yangu, huku kwetu Pemba, upande wa Micheweni, kimefunikwa kanga iliyokwisha rangi, na mtetea mmoja mwekundu ameshakifanya kiota. Ukimfukuza anakutazama kama wewe ndiye uliyeingia nyumba ya watu.

Kililetwa kwa gari mbili: moja ya kiti, moja ya wageni na mwenye kamera. Bibi alivaa buibui la Sikukuu, akakalishwa, sisi wanakamati tukapangwa nyuma yake tumeshika vile vishikio kama tunaosukuma. Adhuhuri haijaadhiniwa wageni wameshaondoka. Alasiri bibi akaniita. "Mwalimu, hebu nisukume nikamwone shoga yangu." Shoga yake anakaa hatua mia mbili, nyuma ya msikiti, na walikuwa hawajaonana tangu Mfungo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani.

Tulikwenda hatua kumi na nne. Nilizihesabu wakati wa kurudi.

Wageni wakija Pemba huoneshwa vilima, udongo mwekundu na mikarafuu, wakadhani kisiwa kizima ndivyo kilivyo. Huku kwetu ni uwanda. Ardhi ni jiwe la matumbawe lenye ncha, udongo umelalia juu yake kama unga juu ya sinia, na njia za ndani ni za miguu na za gari la ng'ombe. Yale magurudumu madogo ya mbele yaliingia baina ya mawe mawili yakang'ang'ania. Nilipoinua nyuma, bibi akataka kumwagika kifudifudi. Akashika ukuta wa jirani kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika ushungi usianguke, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi: "Niteremshe, mwanangu. Nitakwenda na miguu yangu hii hii mibovu."

Waliotuletea kiti siwalaumu, na sitawataja. Kiti chenyewe kizima, cha chuma kizuri, kingefaa mahali penye sakafu. Ila nimeshika daftari la pesa za kamati ya wazee ya shehia yetu kwa miaka sita, na jambo moja limenikaa kooni. Kutoa kitu, kila mtu yuko tayari. Kiti, godoro, mabati, mchele wa Ramadhani, vyote vina mwenyewe. Anayemgeuza mzee ubavu saa nane za usiku hana mfadhili. Dereva naye hana, wala petroli. Ndiyo kazi yote, na ndiyo isiyolipwa.

Nianze na pesa ya serikali, maana hiyo ndiyo iliyotuamsha.

Aprili 2016, wakati wa Rais Ali Mohamed Shein, Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii. Kila mkaazi aliyefika miaka 70, tajiri au maskini, aliyewahi kukaa ofisini au aliyekula jasho la jembe lake, alipewa shilingi 20,000 kwa mwezi. Hakuulizwa alichangia nini. Pesa ilitoka hazina ya Zanzibar yenyewe. Baadaye, chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi, ikapandishwa mpaka 50,000.

Kuna wasomi waliosema, na wengine wanasema mpaka leo, kwa nini alipwe na tajiri? Mimi nimekaa kijijini, nawajibu kwa niliyoyaona. Mpango wa kuchagua maskini, kama ule wa kaya za TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania, una faida zake, lakini unataka mtu asimame mbele ya majirani aonekane fukara kuliko mwenziwe. Kwetu watu walinuniana miaka kwa sababu nyumba moja iliandikwa na ya pili ikaachwa, na zote mbili paa ni la makuti. Pensheni Jamii haikumnunisha mtu. Una miaka 70, unapata. Hujafika, subiri. Hata sheha, mkuu wa shehia, alipumua, maana kwa mara ya kwanza hakulazimika kuamua nani ana shida.

Wala si pesa ndogo kwa mlipaji. Wazee 1,000 kwa 50,000 ni milioni 50 kwa mwezi, milioni 600 kwa mwaka. Wazidishe wafikie wa Unguja na Pemba wote, katika nchi ya watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022, utaelewa kwa nini sichangii mazungumzo ya barazani ya "serikali haifanyi kitu". Inafanya. Nasema tu inapoishia.

Miaka ile ya mwanzo malipo yalikuwa taslimu, mkononi, na kituo chetu kilikuwa skuli niliyokuwa nikisomesha. Tangu alfajiri wazee wamejipanga kwenye madawati ya darasa la pili, magoti juu, mikongojo imeegemezwa ubaoni. Wengine walikuwa hawajakalia dawati maisha yao yote. Nikamwona bibi wa nyuma ya msikiti, yule shoga, amepokea noti zake, akazihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akalifungua pindo pale pale, akatoa 4,000, akampa kijana wa honda aliyempakia. Elfu mbili kuja, elfu mbili kurudi. Sehemu moja katika tano ya pesa yake ya mwezi ililiwa na njia ya kwenda kuichukua.

Yule alikuwa na wa kumpakia. Wengine waliletwa na gari la ng'ombe. Mzee mmoja alibebwa mgongoni na mjukuu wake wa darasa la saba, ambaye siku hiyo hakusoma. Ilikuwepo njia ya kumweka mtu akupokelee, na waliokuwa na mtu wa kumwamini waliitumia. Asiye na mtu hana wa kumweka.

Halafu umri. Wazee wetu wengi wamezaliwa Januari 1 kwenye karatasi, maana ndiyo tarehe iliyomjia mwandishi. Babu mmoja aliambiwa hajafika. Akajieleza: Mapinduzi yametokea yeye anachunga ng'ombe wa baba yake, na ng'ombe hapewi mtoto asiyejua kufunga kamba. Ofisi moja ikamtaka karatasi nyingine. Akaipata, ikamtaka ya tatu. Alipoanza kulipwa alikuwa, kwa hesabu yetu ya ng'ombe na kamba, na miaka 73. Nimekusudia kusema "ofisi moja" na nitaishia hapo.

Kinachoniuma zaidi ni miaka kumi ya katikati. Mtumishi wa serikali anastaafu na miaka 60, anapewa kiinua mgongo, anaanza kula pensheni yake. Mvuvi wa Tumbe akifika 60 macho yamekwishaliwa na jua na chumvi, mgongo umekatika kwa kuvuta juya, na Pensheni Jamii bado iko mbele yake mwendo wa miaka kumi. Hana cha kustaafia. Wengi hawafiki. Nikilitazama daftari langu, waliotusumbua zaidi kwa maana ya kutukosesha usingizi si wa miaka 80, ni wa 64, wa 67. Wa miaka 80 angalau mwisho wa mwezi ana 50,000, na mwenye 50,000 hakosi mjukuu wa kumtembelea.

Basi kamati ilizaliwa kwa ajili ya ile 4,000 ya honda. Hakuna aliyekaa akatunga malengo. Tulikuwa watu saba, sheha akiwa mlezi, na jambo la kwanza tulilokubaliana ni kuwakodia wazee gari moja siku ya malipo ili wasiliwe mmoja mmoja. Gari ikapatikana. Kufika mwezi wa tatu wakauliza: na siku ya kliniki ya presha je? Na ya macho? Wakawa wanataka bajaji mara mbili kwa wiki. Kisha tukagundua kuna watu saba hawatoki ndani kabisa, wala bajaji haiwafai, wanataka mtu aingie awaoshe. Ndivyo tulivyoanza kulipa mikono, na ndipo tulipojua kuwa pesa ina rangi.

Mtu wa mjini anadhani shilingi ni shilingi. Kijijini kwetu kuna shilingi ya zaka, ya sadaka, ya wakfu, ya msiba, ya harusi na ya mfadhili, na kila moja ina mlango wake wa kuingilia na wa kutokea. Ukizichanganya unagombana na watu na pengine na Mola wako.

Tulipomwomba ustadh sehemu ya zaka ya wenye maduka tumlipe dereva wa bajaji, alikataa papo hapo. "Zaka ina wenyewe. Mafungu manane, Suratut Tawba, aya ya 60. Bajaji haimo."

"Wanaopakiwa wamo, ustadh. Mafakiri na maskini."

"Wape wao mkononi iwe mali yao. Wao wamlipe dereva."

Sikuwa na la kujibu. Tukafanya hivyo. Kila mzee akapewa fungu lake, tukakubaliana atoe 1,000 kila akipanda. Wiki tatu mambo yalikwenda kama saa. Wiki ya nne bajaji ikaja na abiria wawili. Wengine wako wapi? Wanakuja kwa miguu, mmoja mmoja, wamelowa jasho, wanapumzika kila mwembe. Yule bibi wa nyuma ya msikiti nilimkuta njiani. Nikamuuliza, akacheka mpaka mdomo wake mwekundu wa tambuu ukaonekana wote. "Elfu moja, mwalimu? Nimpe yule mtoto elfu moja anipakie, na popoo imepanda bei?"

Kamati iliwaka moto. Mjumbe mmoja alitaka popoo ipigwe marufuku kwa wanaopokea msaada, hoja ambayo ilijadiliwa kwa saa nzima, na aliyeileta mwenyewe alikuwa na tumbaku shavuni. Ustadh alipopata habari alicheka naye. "Mlitaka awe na mali au mlitaka awe na bajaji?" Sikumpenda siku ile. Lakini nimelifikiri sana swali lake. Tunaposema tunamsaidia mzee, mara nyingi tunataka afanye tunaloona sisi ni jema, kisha atushukuru.

Sadaka ni nyepesi kwa masharti, inakwenda popote penye kheri, lakini inafuata mwezi. Ramadhani sanduku la msikiti linajaa, tende zinaozea stoo, watu wanagombania kumfuturisha mzee mmoja. Ukifika Mfungo Nane, ukilitikisa lile sanduku unasikia sarafu tatu zinatafutana. Mzee naye anakula mpaka Mfungo Nane.

Ndugu zetu walio nje tumewaweka kwenye kundi la WhatsApp: Maskati, Dubai, Dar es Salaam, Mombasa, na mmoja yuko Uingereza. Watu wazuri. Ukitangaza msiba, milioni inapatikana maiti hajaoshwa. Siku moja nilitangaza mshahara wa binti anayewaosha walio hai, nikaeleza vizuri, kwa heshima zote. Nikapata dua kumi na mbili na vidole gumba visivyo na idadi.

Na halmashauri tuliiandikia. Barua ilijibiwa, tena upesi, nawapa haki yao. Hakuna kifungu cha kumlipa mtu wa namna hiyo. Kipo cha vifaa. Wakatupa ndoo sita zenye mfuniko na katoni ya sabuni. Nilitaka kukasirika, lakini nikikaa upande wao wa meza naona: wilaya yetu hoteli za kutoza ni chache, mapato yake yanaishia kwenye taka na mafuta ya gari moja. Mwenye kuanzisha mshahara anaogopa mwezi wa pili. Ndoo haina mwezi wa pili.

Kilichotubeba ni wakfu. Mzee mmoja, sasa marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa na mikarafuu bondeni upande wa Konde. Hakuwa na mtoto. Jamaa walianza kumpelekea samaki kila Ijumaa, jambo ambalo halikuwa kawaida yao. Akatuita mimi, sheha na imamu, akasema mikarafuu kumi na moja ya mpaka wa kusini anaiweka wakfu kwa ajili ya wazee wa shehia wasio na wa kuwatazama. Sharti la wakfu linajulikana na kila aliyepita chuoni: asili inakaa, haiuzwi wala hairithiwi, manufaa ndiyo yanayotoka. Tukaandikishana mbele ya mashahidi, na tukaelekezwa utaratibu wa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Samaki wa Ijumaa wakakatika wiki ile ile.

Msimu wa kwanza mikarafuu ile ilizaa kama iliyosikia wosia. Tuliweka wachumaji kwa pishi, na jioni zote tulikaa uwanjani kuchambua. Sijui kama umewahi kuona wazee wakichambua karafuu. Unaweka kikonyo kwenye kiganja, unakisukuma kwa ufa wa kiganja cha pili, karafuu zinaanguka huku, konyo linabaki kule. Wasichana wenye macho mazima walishindwa na vikongwe wasioona sindano. Bibi mwenye kiti cha magurudumu alichambua pishi yake ya kwanza akiwa amefumba macho, anazungumza mambo mengine kabisa, mambo ya mume wake wa kwanza. Karafuu ikaanikwa juani mpaka ikakauka ikawa nyeusi inayovunjika kwa ukucha, tukapeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Makonyo nayo tukayatia magunia, maana ZSTC huyanunua, yanakamuliwa mafuta kule kiwandani Chake Chake. Watu hudharau makonyo. Mimi siyadharau tena.

Hapa ndipo nilipokosea, na daftari ni langu, hakuna wa kumsukumia.

Pesa ile ilikuwa nyingi kuliko tulivyowahi kuiona pamoja. Kamati ikataka ukumbi wa wazee: mabati, saruji, viti vya plastiki, jina limepakwa rangi juu ya mlango. Mimi mweka hazina nikaona sawa. Kusema kweli niliona zaidi ya sawa. Nililiona lile jina juu ya mlango na moyo wangu ukapanda. Tukajenga. Ukabaki mshahara wa miezi minane wa binti anayeosha wagonjwa, mjane mwenye watoto watatu, tuliyekuwa tukimpa 60,000 kwa mwezi kwa nyumba saba. Nikajisemea, miezi minane mingi, msimu mwingine utatukuta.

Mkarafuu hauzai kila mwaka sawasawa. Una mwaka wa kumimina na mwaka wa kupumzika, na hakuna mtoto wa Pemba asiyelijua hilo. Mwaka uliofuata tulichuma kanda mbili. Mwezi wa tisa sikuwa na cha kumlipa. Alifanya kazi bure wiki mbili, kisha akaja kwangu usiku, amejifunika, akasema kwa adabu kwamba amepata kazi ya kuokota mwani na anaomba ruhusa. Ruhusa gani nimnyime?

Tulikaa miezi miwili na nusu bila mtu. Tulipeana zamu wenyewe wanawake wa kamati, lakini zamu za kujitolea unazijua: huyu ana mgonjwa, huyu ana arusi. Na palikuwa na babu mmoja, kapooza upande, anakaa na mpwa wake mvuvi. Mwanamke hawezi kuingia kumwosha. Alikuwa akioshwa na kaka wa yule binti, tuliyempa kitu kidogo juu ya mshahara wa dada yake. Dada alipoacha, kaka naye aliacha, na sisi tulihesabu kuwa tumepoteza mtu mmoja.

Nilikwenda na ustadh. Kabla ya kufika mlangoni tuliijua harufu. Mpwa alikuwa amelala sakafuni mchana, ametoka dago, kambi ya wavuvi, usiku, mikono bado ina magamba ya samaki. Si kijana mbaya. Alikuwa akimlisha, akimpa maji, akimwekea redio. Hakuna aliyemwambia kuwa mtu aliyepooza hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Ustadh alipomwinua babu ubavu, nyongani palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kisosi cha kahawa, kingo nyeusi, katikati nyekundu inayong'aa. Babu alikuwa akimtazama ustadh, hakunitazama mimi. Akasema, "Msiwe na wasiwasi, hakiumi." Na hiyo ndiyo habari mbaya zaidi aliyoweza kutupa, alivyotuelezea muuguzi baadaye, maana kidonda cha namna ile kisichouma kimeshakwenda mbali.

Godoro alilolalia lilikuwa jipya. Tulimpa sisi. Lina nambari ya kamati kwenye pembe, niliiandika kwa mkono wangu.

Kidonda kilichukua miezi mitano kufunga. Muuguzi wa kituo alikuja mara mbili kwa wiki kwa bajaji tuliyoilipia kwa deni, na kazi iliyobaki ilifanywa na mpwa mwenyewe. Alifundishwa mara moja tu, akaifanya vizuri kuliko sisi sote. Alikuwa anaweka saa ya simu imwamshe. Usiku wa kwenda baharini alimwita rafiki yake wamgeuze kwa zamu. Sasa huyo mpwa namlipa 40,000 kwa mwezi atazame wanaume wengine wawili siku asizovua. Kamati ilibishana kama ni halali kumlipa mtu amtazame mjomba wake mwenyewe. Nikasema hatumlipi kwa mjomba, tunamlipa kwa wale wawili. Sina hakika kama ninaamini tofauti hiyo. Nadhani ningemlipa hata kwa mjomba.

Watu wananiuliza kwa nini wasiokuwa na mtu wasipelekwe Limbani. Serikali ina makao ya wazee, Sebleni na Welezo kule Unguja, na Limbani hapa Wete, na kwa asiye na mtu kabisa ni neema. Sitaki kuyasema vibaya. Lakini huku kwetu ukimtajia mzee Limbani anahisi umemtolea talaka, na ukoo mzima unaona aibu, aibu ile ile ambayo haikuwatuma kwenda kumwosha. Halafu makao hayo yana nafasi za kuhesabika. Wengi watazeekea pale walipo, kwenye mawe haya haya, na swali litabaki nani anaingia asubuhi.

Kwa hiyo tumebadilisha utaratibu wa daftari. Karafuu ikiuzwa, mshahara wa miezi kumi na minane unatengwa kwanza, kwa watu wawili na dereva, na unawekwa mahali ambapo kuutoa kunataka saini tatu, moja ya mtu asiyenipenda. Kinachobaki ndicho kinachojadiliwa. Mara mbili tumeombwa kutoa mabati ya madrasa kutoka fungu lile na mara mbili yule asiyenipenda amekataa kutia saini, kwa kunikomoa nadhani, lakini amekataa.

Na kwenye lile kundi la WhatsApp niliacha kuomba mshahara. Nikaandika: siku moja ya bajaji ni 15,000, na kila siku ina jina la aliyeilipia. Siku hiyo dereva akimpakia mzee anamwambia, leo umepakiwa na fulani wa Maskati. Kati ya watu arubaini, tisa wanatoa, na sita kati ya hao hawachelewi. Mmoja alinipigia analia kwa sababu bibi yake wa ukoo alimrekodia sauti ya kumshukuru. Kile kiasi alikuwa akikitumia, akaniambia mwenyewe, kwa kahawa ya wiki. Ninajua kwamba nimemuuzia kitu. Nimemuuzia jina lake likitajwa njiani. Sijaona ubaya wake bado, ila bibi anamwita dereva "Maskati" sasa, na jina limemganda.

Kiti cha magurudumu nacho hakijafa. Fundi baiskeli wa Konde amekitazama, akasema yale magurudumu madogo ya mbele ayang'oe, aweke gurudumu moja la baiskeli ya mtoto kwenye ncha ya bomba, kiwe cha miguu mitatu, kitapanda jiwe. Anataka 35,000 na bomba tumletee wenyewe. Nimeuliza kwenye kamati pesa hiyo ni ya rangi gani. Ustadh amesema sadaka itafaa. Sanduku lina 11,200, na tuko Mfungo Nane. Bibi amesema tusiharakishe, mayai ya mtetea bado hayajaanguliwa.

Dereva anadai tairi la nyuma. Magunia manne ya makonyo yako ukumbini hayajapimwa, na yule asiyenipenda amesafiri kwenda Unguja na saini yake. Ningeandika zaidi, lakini wingu limesimama upande wa Tumbe na karafuu za wakfu ziko juu ya jamvi, hazijakauka.